Karatasi ya saa tisa: kisa cha ukurasa mmoja na kitabu kilichokatwa

Karatasi hii nilinunua kwa dola 240 pamoja na posta, kwa muuzaji wa onlaini ambaye sitamtaja, na maelezo yake yalikuwa mstari mmoja tu: ukurasa wa Kitabu cha Saa, Paris, karibu 1450, Zaburi, dhahabu halisi. Kitabu cha Saa ni kweli, dhahabu ni kweli, Zaburi ni nusu kweli, Paris si kweli, na mwaka nao una mushkeli. Nataka nieleze nilivyogundua moja baada ya jingine mpaka nikafika mahali ambapo sikutarajia kufika, manake naona watu wengi wanaonunua hizi kurasa za zama za kati wanaishia kwenye dhahabu, wanaweka fremu wanatundika sebuleni, na karatasi inakaa pale bubu wakati ina mengi ya kusema.

Kidogo kuhusu mimi ili mjue natokea wapi. Ni mtu wa Tanga, naishi Ohio mwaka wa 14 huu, kazi yangu ni zamu za usiku hospitali, na haya mambo ya maandiko ya kale nilijifunza mwenyewe polepole kwenye maktaba na mitandaoni. Kilatini changu ni cha kuungaunga. Upande wa baba ni Wakatoliki, upande wa mama Waislamu, na zote mbili zimenisaidia kwenye kisa hiki, mtaona.

Sasa Kitabu cha Saa ni nini. Ni kitabu cha sala cha mtu wa kawaida, si cha padri wala mtawa, kilichopendwa sana Ulaya kuanzia karne ya 13 mpaka ya 16, hasa Ufaransa na nchi za jirani. Ndani kuna kalenda ya watakatifu, masomo mafupi ya Injili, Zaburi za toba, Litania (orodha ya kuwaomba watakatifu mmojammoja), sala za marehemu, na moyo wake ni Saa za Bikira Maria, yaani sala nane za kugawanya siku. Na hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati kuliko Mzungu, manake wao wakiambiwa kuna sala inaitwa Prima, Tersia, Seksta na Nona inabidi waelezwe kwamba hesabu inaanza asubuhi jua likichomoza. Sisi saa zetu ndo hizohizo! Prima ni saa moja, Tersia ni saa tatu, Seksta ni saa sita mchana, Nona ni saa tisa alasiri. Mara ya kwanza nilipoliona hili nilikaa kimya kidogo, kwamba mama mmoja wa Ufaransa miaka 550 iliyopita alikuwa akihesabu mchana wake wa sala kama bibi yangu anavyohesabu wake.

Karatasi yenyewe (naiita karatasi kwa mazoea, ni ngozi) ina urefu wa sm 17.8 na upana sm 12.7, maandishi yamekaa katikati kwenye nafasi ya sm 9.8 kwa 6.3, mistari 15 kila upande, na ukiiinamisha kwenye mwanga unaona mistari ya kuongozea iliyochorwa kwa wino wa zambarau uliofifia. Upande mmoja una umanjano kidogo na vitobo vidogovidogo vya vinyweleo, huo ndo upande wa manyoya, upande wa pili mweupe na laini zaidi, upande wa nyama. Herufi kubwa za mwanzo wa aya zina dhahabu iliyoinuka, manake chini yake walipaka kwanza tabaka la plasta laini ndo wakabandika dhahabu juu wakaisugua mpaka ikang'aa, na ukipitisha jicho kwa ubavu unaiona imevimba kama tone. Pambizo la nje lina mashina membamba ya wino mweusi yenye vijani vya dhahabu, kwenye kona majani makubwa yaliyojikunja ya buluu na dhahabu, na stroberi mbili.

Alafu kuna tundu. Kwenye mstari wa tano wa ukurasa wa nyuma kuna kitundu kama punje ya choroko, cha tangu ngozi ikitengenezwa, manake ngozi ikiwa na kidonda kidogo ikavutwa kwenye fremu ikauke, kidonda kinafunguka kinakuwa duara. Mwandishi hakuitupa ngozi. Ameandika sanc upande huu wa tundu, akaruka, akaandika torum upande wa pili, ili neno lisome sanctorum, watakatifu. Likumbukeni hilo tundu.

Kusoma ndo kazi. Mwandiko wa kigothi wa vitabu hivi una tatizo moja kubwa, herufi m, n, i na u zote ni vijiti vinavyofanana, vimesimama kama uzio, na nukta juu ya i mara nyingi haipo. Ukurasa wa mbele ulianza katikati ya sentensi na nilichofanya ni kutafuta maneno marefu yasiyo na vijiti vingi, nikapata filios filiorum, wana wa wana, na mbele kidogo pacem super israel. Hapo nikajua moja kwa moja niko wapi, nilimsikia baba akiisoma kwenye harusi mara ngapi sijui: "Naam, ukawaone wana wa wanao. Amani ikae na Israeli." Ni Zaburi ya 128 kwenye Biblia zetu, kwenye hesabu ya Kilatini ni ya 127. Na kwenye Saa za Bikira, Zaburi hiyo ndo ya mwisho kwenye sala ya saa tisa. Kwa hiyo muuzaji aliposema Zaburi hakukosea, ila aliishia hapo, na Zaburi ndo sehemu isiyokuambia kitu kuhusu mji manake hapo kwenye saa tisa karibu wote walisali zilezile.

Kinachokuambia mji ni vijisehemu vidogo vinavyofuata. Baada ya Zaburi kuna antifona, sentensi fupi ya kuimba, alafu somo fupi la mstari mmoja au miwili, na hivyo viwili vilibadilika kufuata desturi ya kila jimbo. Falconer Madan, aliyekuwa mkuu wa maktaba ya Bodleian kule Oxford, miaka ya 1920 alichapisha jedwali la namna ya kupima: angalia antifona na somo fupi la Prima na la Nona, basi, hivyo vinne vinatosha kujua kitabu kilifuata desturi ya wapi. Jedwali hilo limeongezwa na wengine baadaye lakini msingi wake unatumika mpaka leo. Kama ni desturi ya Paris, saa tisa inatakiwa kuwa na antifona Sicut lilium na somo linaloanza Per te dei. Kama ni Roma, ni Pulchra es na In plateis.

Kwangu herufi nyekundu ndogo ya kuonesha antifona ilikuwepo, na neno lililofuata lilianza na ger, alafu vijiti. Nilivihesabu kwa ncha ya kijiti cha meno juu ya picha niliyoikuza kwenye kompyuta, si juu ya ngozi yenyewe. Vijiti sita, kisha a, kisha vijiti vitatu, kisha t. Sita ni m yenye vitatu, i kimoja, n viwili. Vitatu vya mwisho ni u viwili na i kimoja. Germinauit. "Shina la Yese limechipua." Na ukurasa wa nyuma somo fupi linaanza Et radicavi in populo honorificato, nikatia mizizi katika taifa lililotukuzwa, hiyo ni ya Yoshua bin Sira sura ya 24, na ndo somo lenye lile neno lililogawanywa na tundu.

Basi Paris imeondoka. Roma imeondoka. Germinavit na Et radicavi kwenye saa tisa kunanipeleka kwenye mji wa Rouen, Normandia, na nilifurahi sana usiku ule, nilikuwa zamu na nilikuwa nimetoa chapa ya picha nasoma wakati wa mapumziko. Furaha ilidumu mpaka asubuhi nilipolitazama jedwali vizuri nikaona desturi ya Salisbury ya Uingereza, ile inayoitwa Sarum, nayo kwenye saa tisa ina hayohayo. Germinavit, Et radicavi. Zinatofautiana kwenye Prima, mi nina Nona tu.

Na hapa mtu asiseme kwamba karatasi inaonekana ya Kifaransa kwa mapambo hivyo Uingereza haihusiki. Waingereza waliitawala Rouen kuanzia 1419 mpaka 1449, ndo mji walipomchoma Jeanne d'Arc, yule msichana shujaa wa Ufaransa, mwaka 1431, na katika miaka hiyo mafundi wa Rouen walitengeneza vitabu vya desturi ya Sarum kwa ajili ya mabwana wa Kiingereza waliokuwa pale. Yaani mapambo ya Normandia na sala za Salisbury kwenye kitabu kimoja, ipo. Muuzaji alisema 1450. Kama kweli ni 1450 au kabla kidogo, swali langu lilikuwa gumu kabisa. Yale majani makubwa ya kujikunja ya kona na zile stroberi yalinifanya nifikiri ni baadaye zaidi, 1460 mpaka 1480 hivi, Waingereza washaondoka, lakini kukisia tarehe kwa mapambo ni kitu cha kusaidia hoja, si cha kuisimamisha peke yake, nimeona watu wenye uzoefu kunizidi mara kumi wakitofautiana miaka 20 juu ya pambizo moja.

Kitu kilichonisogeza mbele kilikuwa chini kabisa ya ukurasa wa nyuma, nje ya mistari, maneno madogo yamesimama wima pembeni: deus in adiu. Nilikijua kabla sijakisoma. Babu yangu mzaa mama alikuwa na kitabu cha Maulidi kilichoandikwa kwa mkono, na chini ya kila ukurasa kulikuwa na neno moja limeinama kwenye kona, nikamuuliza nikiwa mtoto akaniambia hilo ni neno la kwanza la ukurasa unaofuata, limewekwa ili karatasi zikitawanyika mtu azipange. Ulaya walifanya vilevile, ila wao kwa kawaida si kila ukurasa, ni mwisho wa kila fungu la karatasi zilizokunjwa pamoja, mara nyingi karatasi nane, ili mshonaji asichanganye mafungu. Kwa hiyo karatasi yangu ilikuwa ya mwisho kwenye fungu lake na kilichofuata kilianza Deus in adiutorium, "Ee Mungu, uniokoe". Ndo maneno ya kufungulia karibu kila sala. Yaani baada ya saa tisa kitabu kilienda moja kwa moja kwenye sala ya jioni. Vitabu vya Sarum mara nyingi vinachomeka Saa za Msalaba, sala fupi za mateso ya Yesu, mwishoni mwa kila sala, na ya saa tisa inaanza Hora nona, ningetarajia maneno hayo hapo. Hayapo. Mizani ikaegemea Rouen, bado sikuwa tayari kuapa.

Na sala ya jioni kwenye vitabu vya Kifaransa inafunguliwa na picha kubwa, kwa kawaida Yosefu na Maria na Mtoto wakikimbilia Misri. Nikageuza karatasi kwenye taa kwa ubavu. Ukurasa wa nyuma wa karatasi yangu, kuna kivuli. Rangi ya waridi iliyofifia sana, mstari uliopinda juu kama mlango wa msikiti, na doa la kijani upande wa kulia. Kitabu kikifungwa karne tano na nusu, rangi ya ukurasa wa pili inaacha kidogo kwa mwenzake. Nilikuwa nimeutazama ukurasa ule mara mia nikadhani ni uchafu.

Baada ya hapo nikaanza kutafuta ndugu zake. Njia yangu ni ya kichovu lakini inafanya kazi: kila ninapoona karatasi ya Kitabu cha Saa inauzwa au iko kwenye maktaba fulani, naandika idadi ya mistari, vipimo vya nafasi ya maandishi, na rangi ya mistari ya kuongozea. Vipimo vya karatasi nzima si vya kutegemea sana manake washonaji walizipunguza pembeni. Mistari 15 ziko nyingi, lakini mistari 15 ndani ya sm 9.8 kwa 6.3 zikiwa na zambarau ileile na mwandishi yuleyule mwenye mazoea ya kuvuta mkia wa g kwenda kushoto, hizo si nyingi. Miezi saba. Ya kwanza niliyoipata ilikuwa ya kalenda, Oktoba, na kwenye tarehe 23 jina la Mtakatifu Romain limeandikwa kwa dhahabu. Romain alikuwa askofu wa Rouen, sikukuu yake ni 23 Oktoba, na kwenye kalenda za namna hii dhahabu ni kwa sikukuu kubwa tu. Nani mwingine angempa Romain dhahabu? Ya pili niliyoipata ikafunga kesi, ilikuwa na mwisho wa Prima, antifona Maria virgo, somo fupi Per te dei. Sarum ingekuwa na O admirabile na In omnibus. Rouen. Nililia kidogo, nakiri.

Kwa wengi kisa kingeishia hapa na kingekuwa kizuri. Ila kuna kitu nilikuwa nimekiona tangu siku ya kwanza nikakipita. Kingo tatu za karatasi yangu zimekuwa za rangi ya chai na zimelainika kwa vidole vya watu. Kingo ya nne, ya ndani, ile iliyokuwa imeshonwa, ni nyeupe na kali, imekatwa kwa kisu kilichonyooka. Hakuna gundi, hakuna mabaki ya utepe, hakuna tundu la pini. Karatasi zilizokatwa zamani nilizozishika zina makovu ya kupachikwa kwenye makadi, na huku Ohio tunazijua vizuri kwa sababu ya mtu mmoja, Otto Ege. Alizaliwa 1888 akafa 1951, alikuwa mwalimu mkubwa kwenye chuo cha sanaa cha Cleveland, na alikata vitabu vya mkono kwa miaka mingi akiuza karatasi mojamoja, mwaka 1938 akaandika makala akijiita mwenyewe mvunja vitabu, hoja yake ikiwa kwamba ni bora watu elfu wapate kushika kipande kuliko mtu mmoja kumiliki kitabu kizima. Mkusanyo wake maarufu una karatasi 50 kwenye boksi, seti 40, na vipande vya vitabu vilevile vimegawanywa kwenye seti zote.

Kimoja cha vitabu alivyokata ni Misale, yaani kitabu cha misa, ya Beauvais kule Ufaransa, iliyotolewa kwa kanisa kuu la Beauvais na Robert de Hangest aliyefariki 1356, ili wamkumbuke kila mwaka kwenye misa. Kilikuwa na karatasi 309. William Randolph Hearst, yule tajiri wa magazeti, alikuwa nacho, kikauzwa 1942 kwa Philip Duschnes wa New York, na Duschnes na Ege wakakigawana kwa kisu. Lisa Fagin Davis, mtaalamu wa maandiko ya kale, amekuwa akikiunganisha tena kwa picha, karatasi kwa karatasi, ameshazipata zaidi ya 100, na mwaka 2022 kijana mmoja kule Maine alinunua moja kwenye mauzo ya vitu vya nyumbani kwa dola 75 kwa kuwa aliitambua kwamba ni kitu cha zama za kati. Nawaza sana kuhusu huyo Robert. Alitoa kitabu ili akumbukwe mahali pamoja, siku moja, na watu wale, na sasa yuko kwenye majimbo sijui mangapi.

Kitabu changu hakikuwa cha Ege. Kingo nyeupe, manake iliyokatwa juzijuzi tu, ilikuwa inaniambia hivyo na sikutaka kuisikia.

Maktaba ya chuo kimoja huku ina rafu nzima ya katalogi za minada. Mama wa maktaba, mtu mkarimu sana, alinionesha namna ya kupunguza kazi: tafuta vitabu vya desturi ya Rouen tu, mistari 15, na usianze mbali, anza na miaka ya karibuni urudi nyuma. Jumamosi ya tatu nikakipata, kwenye katalogi ya miaka ya 1990. Karatasi 118, picha kubwa 11, Rouen, karibu 1470, jalada la ngozi la karne ya 18. Na kwenye ukurasa unaotazamana na maelezo waliweka picha ya rangi ya kitabu kikiwa kimefunguliwa. Kulia ni Yosefu amemshika punda kwa kamba, Maria amempakata Mtoto, nyuma yao vilima vya kijani, juu upinde wa waridi. Kushoto kuna ukurasa wa maandishi. Mstari wa tano. Sanc, tundu, torum.

Nilikaa na ile katalogi mpaka wakaanza kuzima taa.

Manake yake ni hii. Kitabu kilitoka Rouen, kikapita Mapinduzi ya Ufaransa, kikapita vita mbili kuu, kikafika salama kikiwa na karatasi zake 118 na jalada lake, mi nikiwa shule ya msingi Tanga kilikuwa kizima. Aliyekikata alikikata katika umri wangu. Na kisu kina hesabu yake, si siri: karatasi 107 zisizo na picha kubwa, kwa bei niliyolipa mimi, ni dola 25,000 na ushee, hapo hujagusa zile 11 zenye picha ambazo kila moja inauzwa kwa maelfu, na mnunuzi wa kitabu kizima ni mmoja wakati wanunuzi wa karatasi ni mimi na wewe, tuko wengi, tunalipa kidogokidogo. Mimi ni sehemu ya hesabu hiyo. Dola zangu 240 zilienda kwenye mkono ulio karibu sana na kisu, au kwenye kisu chenyewe.

Nilimwandikia muuzaji kwa adabu, nikamtumia picha ya katalogi, nikamuuliza tu alizipata wapi na kama anajua karatasi nyingine ziko kwa nani, sikumlaumu. Akajibu kwamba zilikuja kwenye fungu na hana kumbukumbu. Wiki iliyofuata akaweka mbili nyingine za kitabu hichohicho, bado zikiwa zimeandikwa Paris, karibu 1450. Sikununua. Nilizipiga picha za skrini, nikazipima kwa rula iliyokuwa kwenye picha, nikazisoma, moja ya Litania na moja ya sala za marehemu, nikaziingiza kwenye orodha.

Mdogo wangu wa Tanga nilipomsimulia kwa simu aliniuliza, "Sasa dada, si ukirudishe?" Nikamwambia nirudishe wapi mdogo wangu, aliyekuwa nacho alikiuza kihalali, aliyekinunua alikikata mali yake mwenyewe, hakuna sheria iliyomgusa. Akanyamaza, akasema, "Basi angalau kijulikane kilikuwa kimoja." Ndicho ninachofanya. Kuna mradi wa Fragmentarium ulioko Fribourg, Uswisi, tangu 2017, ambao unawezesha kupanga picha za vipande kutoka sehemu mbalimbali vikasomeka kama kitabu, na hata bila mradi mkubwa mtu akiwa na orodha nzuri na picha za pande zote mbili ameshafanya nusu ya kazi.

Wapo watu ninaowaheshimu wanaosema mtu asinunue karatasi hata moja, kamwe, na wapo wanaosema zilizokwisha kukatwa zinahitaji mtu wa kuzitunza. Msimamo wangu baada ya kisa hiki: kama karatasi ina makovu ya zamani na historia yake inarudi nyuma kwa makaratasi, nitaifikiria. Kama kingo ya ndani ni nyeupe, sinunui hata iwe ya dola kumi, na namuuliza muuzaji hadharani imekatwa lini. Najua wengine wataona nimechelewa, nilishanunua moja. Ni kweli nimechelewa.

Orodha sasa ina karatasi 19 kati ya 118. Sita ni za Zaburi za toba, nne za kalenda, nyingine zimetawanyika. Picha kubwa nimezipata mbili tu, ya Maria akipashwa habari na malaika iko kwa mtu binafsi aliyenitumia vipimo vyote kwa moyo mweupe kabisa, na ya Mfalme Daudi akisali niliiona kwenye mnada ikanipita. Karatasi iliyokuwa ikitazamana na yangu sijaiona popote tangu ile katalogi.

Ikipita mbele ya macho yako ni hivi ilivyo: Kukimbilia Misri, Yosefu yuko kulia kwa punda, upinde wa waridi juu, chini ya picha mistari minne inayoanza na D kubwa ya buluu, Deus in adiutorium meum intende. Nyuma yake kuna mistari 15. Kwa kuwa iligusana na yangu miaka yote ile, angalia upande wa kushoto wa picha, karibu na kilima, kwenye mwanga wa ubavu, uone kama kuna alama ndogo ya duara. Ukiiona ipige picha pande zote mbili na kingo zote nne, na rula iwemo.